Pampu ya Ombwe: Jinsi Inavyosimamisha Uume, na Pale Inapokomea

Mwaka 2011 watafiti wa Dar es Salaam waliwahoji wanaume 312 wenye kisukari waliokuwa wakihudhuria kliniki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Waliwauliza jambo ambalo kliniki nyingi hulikwepa: je, uume unasimama vya kutosha kwa tendo la ndoa? Zaidi ya nusu, asilimia 55 hivi, walikuwa na tatizo kwa kiwango kimoja au kingine. Wanaume hao hawakuwa wazee wote, wala hawakuwa wamelogwa. Walikuwa wagonjwa wa kisukari ambao ugonjwa wao ulikuwa umefika mahali wasipopenda kupataja.

Sukari inayokaa juu kwa miaka huharibu neva na mishipa midogo ya damu, na bila vitu hivyo viwili uume hausimami. Mwanamume akipata ashiki, ncha za neva na kuta za mishipa hutoa nitriki oksidi, gesi inayolegeza misuli laini iliyo ndani ya uume. Misuli ikilegea, damu ya ateri huingia kwa kasi katika nguzo mbili za nyama yenye vyumba vidogovidogo. Vyumba vikijaa huzibana vena zilizo pembezoni, na damu iliyoingia ikakosa pa kutokea. Vidonge vya sildenafil, vilivyoidhinishwa Marekani mwezi Machi 1998 kwa jina la Viagra, havianzishi kazi hiyo. Vinachofanya ni kukizuia kimeng'enya kinachoikatisha, ili ulegevu wa misuli udumu zaidi. Ndiyo maana kwa mwanamume ambaye neva zake zimekatika kabisa, au mishipa yake imeziba vibaya, kidonge hukosa cha kurefusha. Na yule anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti hapaswi kukigusa, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana presha inaweza kushuka hadi kuhatarisha uhai.

Hapo ndipo inapoingia pampu ya ombwe. Haihitaji neva, haihitaji ashiki, na haimezwi.

Inategemea kitu kilichotuzunguka saa zote, yaani uzito wa hewa. Anayekunywa soda kwa mrija hudhani anaivuta, kumbe anachofanya ni kupunguza hewa ndani ya mrija, na hewa ya nje ndiyo inayoisukuma soda ipande. Kanuni ni hiyohiyo. Uume huingizwa ndani ya silinda ya plastiki angavu iliyo wazi upande mmoja, na mdomo wa silinda hubanwa kwenye mwili ili hewa isipenye. Upande wa pili una pampu ndogo, ya mkono au ya betri. Hewa ikitolewa, kanieneo ndani ya silinda hushuka chini ya ile ya nje kwa kiasi cha milimita 150 hadi 200 za zebaki. Ukikumbuka kwamba hewa ya usawa wa bahari husukuma kwa milimita 760, utaona kwamba ni kati ya moja ya tano na robo tu ya nguvu hiyo inayoondolewa. Lakini inatosha. Tishu za uume hutanuka, na damu ya mwilini, ambayo bado iko katika kanieneo ya kawaida, husukumwa kuingia.

Uume ukishajaa, pete ya mpira iliyokuwa imevishwa kwenye silinda husogezwa hadi kwenye shina la uume. Vali hufunguliwa, hewa huingia, silinda hutolewa. Pete ndiyo inayobaki na kazi ya kuzibana vena, kuizuia damu isirudi. Bila pete kila kitu hulegea mara moja.

Mtu anayesoma maelezo haya anaweza kudhani matokeo ni sawa na yale ya asili. Hapana, na ni haki mwenye kununua aambiwe kabla hajatoa fedha yake. Mwaka 1995 watafiti walipima damu iliyokuwa ndani ya uume wa wanaume 30 mara baada ya kutumia kifaa. Asilimia 58 hivi ilikuwa damu ya ateri, na asilimia 42 ilikuwa ya vena, damu iliyokwisha kutumika ikarudishwa nyuma na ombwe. Kiwango cha oksijeni mwanzoni kilikuwa kama asilimia 79. Kwa kuwa pete imefunga njia, hakuna damu mpya inayoingia, na oksijeni huendelea kupungua. Ngozi huwa baridi kidogo na rangi hugeuka kuwa ya zambarau. Kutoka hapo ndipo ilipotoka amri ambayo kila daktari huirudia: pete isikae zaidi ya dakika 30. Baada ya muda huo tishu huanza kukosa hewa ya kuziweka hai. Mtu asilale nayo hata kidogo, na anayekunywa pombe kabla ya tendo ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi, kwa maana usingizi ukimchukua hataisikia.

Kuna tofauti nyingine ambayo wachache huambiwa. Nguzo za nyama za uume haziishii kwenye ngozi. Mizizi yake huingia ndani ya mwili hadi kwenye mfupa wa nyonga. Uume unaposimama wenyewe mizizi hiyo nayo hujaa na kuwa nguzo imara. Kwa pampu, sehemu iliyo nyuma ya pete hubaki legevu, kwa hiyo uume ni mgumu lakini huyumba kwenye shina. Wapenzi wengi huzoea kwa kubadili mkao. Halafu, pete huubana pia mrija wa mkojo, kwa hiyo shahawa zinaweza kubaki ndani na kutoka polepole pete ikishavuliwa. Utamu wa kilele kwa kawaida haupotei, ingawa wapo wanaohisi maumivu wakati huo. Asiyetaka mimba asiihesabu pete kuwa kinga.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Daktari wa Marekani, John King, aliandika juu ya chombo cha kioo cha kutoa hewa mwaka 1874. Otto Lederer wa Vienna alipata hataza ya Marekani mwaka 1917 kwa kifaa kilichounganisha ombwe na pete, yaani kile kilekile kinachouzwa leo. Lakini aliyekitoa kwenye makaratasi na kukifikisha mikononi mwa watu hakuwa daktari. Geddings Osbon wa Augusta, jimbo la Georgia, alikuwa mfanyabiashara wa matairi. Uume wake ulipoacha kusimama katika miaka ya 1960, akajitengenezea kifaa, akakitumia mwenyewe kwa miaka mingi, kisha akaanza kukiuza. Pengine mtu aliyeshinda na matairi, vali na pampu alikuwa na macho ya kuona jambo ambalo wenye digrii hawakulijali. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilikikubali kifaa chake mwaka 1982. Miaka minne baadaye daktari wa mfumo wa mkojo Perry Nadig wa San Antonio, Texas, alichapisha matokeo ya wagonjwa 35, na kutoka hapo hospitali zikaanza kukiandika kwenye cheti kama tiba nyingine yoyote.

Kinafanya kazi? Kwa kipimo cha fizikia, ndiyo, bila wasiwasi. Katika tafiti nyingi, wanaume wanaofundishwa vizuri hupata uume mgumu wa kutosha kwa tendo katika kiwango kinachofika hata asilimia 90, wawe na kisukari, wawe wameumia uti wa mgongo, wawe wamefanyiwa upasuaji wa tezi dume. Ni vifaa na dawa chache katika eneo hili vinavyofanya kazi bila kujali chanzo cha tatizo.

Kwa kipimo cha maisha, habari ni nyingine. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wanaume 129 waliopewa kifaa hicho: asilimia 65 walikuwa wamekiacha. Wale wenye tatizo dogo walikiacha wote, na waliodumu nacho walikuwa zaidi wenye tatizo la wastani au kubwa. Sababu zinajulikana. Kuna anayeona shughuli inakatiza mapenzi, kuna anayeumia, kuna anayechubuka na kupata vidoadoa vyekundu chini ya ngozi, kuna ambaye uume unakuwa na ganzi. Na kuna mke ambaye hakuambiwa lolote, siku moja akaona bomba la plastiki likitolewa uvunguni mwa kitanda.

Hoja hii ya mke si ndogo, nami naiona kuwa nzito kuliko nyingine zote. Kidonge mtu anaweza kukimeza kwa siri chooni. Pampu haifichiki. Inachukua dakika kadhaa, inahitaji taa iwake, inahitaji mafuta ya kulainisha yenye asili ya maji, na siku za mwanzo huvujisha hewa mpaka nywele za eneo hilo zipunguzwe. Mwanamume anayeileta nyumbani bila kuzungumza na mwenzake anajitwisha mzigo peke yake, na mzigo huo ndio unaomfanya aisukume uvunguni baada ya majaribio mawili. Kliniki zinazowaita wote wawili, zikawaonyesha namna ya kupampu kidogo, kupumzika, kisha kuendelea, na zikawachagulia pete ya saizi sahihi, zinatibu. Ile inayompa mtu boksi na karatasi ya maelekezo haijatibu bado.

Upande wa usalama kuna jambo linalotuhusu hapa kwetu moja kwa moja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Mtu mwenye ugonjwa huo anaweza kupata kusimama kwa uume kwa saa nyingi kwa maumivu, pasipo ashiki, kwa sababu chembe za damu zilizojikunja huziba njia ya kutokea. Kumfungia damu kwa pete ni kualika hatari hiyohiyo, kwa hiyo kifaa hiki hakimfai. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, wanahitaji kuzungumza na daktari kwanza, kwani huchubuka kirahisi. Na kifaa kiwe na vali inayozuia ombwe kupita kiasi. Kisicho nayo kinaweza kupasua mishipa midogo.

Vingi visivyo na vali hiyo ndivyo vinavyouzwa kwa ahadi ya kurefusha uume. Ahadi hiyo imepimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Iran walichapisha matokeo ya wanaume 37 waliotumia ombwe mara tatu kwa wiki, dakika 20 kila mara, kwa miezi sita. Urefu wa wastani ulitoka sentimita 7.6 hadi 7.9, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na maana.

Cha kutia moyo zaidi kiko kwa wanaume waliotolewa tezi dume kwa sababu ya saratani. Neva za kusimamisha uume hupita kandokando ya tezi hiyo, na hata daktari bingwa akiziacha salama huchukua miezi mingi kuamka. Katika kipindi hicho uume usiopata damu ya kutosha husinyaa na tishu zake kugeuka kuwa kovu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 109 wa aina hiyo: 74 walipewa pampu waitumie kila siku kwa miezi tisa, 35 waliachwa bila tiba. Waliopewa, 60 waliitumia kama walivyoelekezwa, na kati yao asilimia 23 tu walisema uume umepungua urefu au unene. Kwa wale walioachwa ilikuwa asilimia 63. Kuhusu swali ambalo wagonjwa huuliza kwanza, kama uume utasimama wenyewe tena, pengo lilikuwa dogo: baada ya miezi tisa waliopata kusimama kwa asili kunakotosha tendo walikuwa asilimia 17 kwenye kundi la pampu na 11 kwenye kundi jingine. Ndiyo maana madaktari wengi leo huiagiza pampu pamoja na vidonge katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, ili kulinda tishu wakati neva zikisubiriwa.