Betri Mbili za Lori la Jeshi

Malori mengi yaliyostaafu jeshini hutumia umeme wa volti 24, lakini si yote. Ural-4320 ya Kirusi ni ya volti 24. ZIL-131, iliyotoka nchi hiyohiyo, ni ya 12. Kwa hiyo mkazi wa Chemchem, Tabora, aliyenunua lori la aina hii limfikishe kwenye mizinga ya nyuki huko Sikonge au Inyonga, aanze kwa kupima, si kwa kununua taa.

Akikuta 24, mara nyingi ni betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Kishawishi huanzia hapo. Redio ni ya volti 12, na fundi mwenye haraka atamwambia, “Bosi, vuta waya kwenye betri moja tu.” Redio itaimba, kweli. Lakini altaneta haichaji betri mojamoja; yenyewe inaangalia jumla, volti 28 hivi. Betri inayonyonywa ikibaki kwenye 13, mwenzake anasukumiwa 15. Miezi ikipita, ya kwanza imedhoofika kwa kutojaa, ya pili imechemka mpaka maji yamepungua: fungua vifuniko uone sahani zilivyobaki wazi juu ya asidi. Mwenye lori hulaumu altaneta bure. Dawa ni kigeuzi cha kushusha volti 24 hadi 12, maana huvuta kwenye betri zote mbili sawasawa. Friji na taa za LED zinazokubali volti zote mbili zipo; nunua hizo, kigeuzi kibaki cha redio na simu.

Sasa hesabu. Misafara ya zamani iliyotoka Unyanyembe ilipima mizigo kabla ya wapagazi kuinua, na umeme nao upimwe hivyo. Taa nne za wati 40 zikiwaka saa nne ni wati-saa 640. Friji ya wati 60 ikifanya kazi nusu ya muda kwa saa 12 ni 360. Jumla 1,000, gawa kwa 24, unapata kama ampea-saa 42. Betri za ampea-saa 100 zikiungwa mfululizo hubaki 100, si 200, na si busara kuzishusha chini ya nusu. Umebakiwa na nane tu, na asubuhi stata inakusubiri porini. Mimi ningeweka betri ya pembeni kwa ajili ya kambi, yenye rilei ya kuitenganisha injini ikizimwa.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya usiungue, si kulinda redio. Waya wa hasi ukifungwa kwenye chesi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king’ae.

Tena usiunge vifaa vyako nyuma ya swichi ya taa ya jeshi. Nyingi zina nafasi ya kuficha taa usiku wa vita, na ukiigeuza huko, taa za breki na honi vinaweza kunyamaza bila fyuzi hata moja kuungua.