Mahali Patakatifu Pasipo na Kuta

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia maelfu ya wanajeshi wa Keya kutoka Nyasaland, Tanganyika, Kenya na Uganda walipelekwa kupigana Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Mwaka 1944 walipenya bonde la Kabaw, katika matope na malaria, hadi mto Chindwin. Mapema mwaka 1945 brigedi moja ya Afrika Mashariki ilikuwa ng'ambo ya magharibi ya mto Irrawaddy, kusini ya mji wa kale wa Bagan.

Bagan ulikuwa makao ya wafalme kati ya karne ya 11 na ya 13. Wafalme hao walijenga mahekalu ya Kibuddha kwa matofali, na hata leo zaidi ya majengo na magofu 3,500 yamesalia katika uwanda ule. Mwaka 2019 Bagan uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini jumba la kifalme la Mandalay halikuwa na bahati hiyo. Mfalme Mindon aliuanzisha mji huo mwaka 1857. Waingereza wakaliteka jumba mwaka 1885 na kuligeuza ngome ya jeshi. Wajapani nao walijichimbia humo, na katika mapigano ya Machi 1945 jumba likateketea kwa moto. Mahali palipogeuzwa ngome pakawa shabaha ya mizinga.

Askari anayeliona hekalu lenye mnara wa dhahabu hahitaji kuambiwa kwamba mahali hapo pana heshima yake. Je, akifika mahali patakatifu pasipo na mnara, wala ukuta, wala lango, atapatambuaje? Swali hili linaihusu zaidi Afrika yetu, na mfano mzuri unapatikana karibu na Lilongwe, mji mkuu wa Malawi.

Kusini-magharibi ya Lilongwe, mpakani na Msumbiji, kuna milima ya Dzalanyama. Katika milima hiyo kuna kilima kiitwacho Kaphirintiwa. Kwa mapokeo ya Wachewa, hapo ndipo mwanamume na mwanamke wa kwanza waliposhuka kutoka mbinguni pamoja na wanyama na mvua. Mwamba ulikuwa bado laini, na nyayo zao zikabaki. Chini ya milima hiyo palikuwa na Msinja, mahali pa tambiko la mvua. Mkuu wa tambiko alikuwa mwanamke mwenye cheo cha Makewana, maana yake mama wa watoto. Hakuolewa, na watu walimjia kutoka mbali wakati wa ukame. Ngoma takatifu ya Mbiriwiri ilitunzwa hapo. Hata wafalme wa Wachewa, wenye cheo cha Kalonga na cha Undi, walilazimika kuiheshimu nguvu ya mahali pale, kwa kuwa mfalme asiye na mvua hana raia.

Katika karne ya 19 vikosi vya Wangoni viliivamia Msinja. Hapakuwa na kuta za kubomoa. Walipotawanywa watu, tambiko nalo likavunjika. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na Bagan. Hekalu la matofali likianguka, magofu hubaki na wajuzi huweza kulijenga upya. Mahali pa tambiko panapolindwa na miti, miiko na kumbukumbu za wazee, pakiharibiwa, baada ya vizazi viwili mpita njia huona shamba tu.

Wala jambo hili si la imani peke yake. Mto Lilongwe, unaowapa maji wakazi wa mji mkuu, huanzia katika msitu wa Dzalanyama. Miti hiyo imekatwa sana kwa ajili ya mkaa na kuni, hata katika miaka ya 2010 Jeshi la Ulinzi la Malawi likapeleka askari kwenda kuulinda msitu. Wahenga waliofanya tambiko la mvua chini ya milima hiyo na askari anayelinda chanzo cha maji leo wanatumikia haja moja.

Kazi ya polisi nayo inaonekana ukielekea kaskazini ya Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, iliko kambi ya Dzaleka. Mahali hapo palikuwa gereza, na tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi. Leo wamo watu zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili kinasikika sokoni. Kambi imezungukwa na nchi ya Wachewa, ambao makaburi yao huwa ndani ya kijisitu kisichokatwa. Huko ndiko pia yanakofanyika baadhi ya mambo ya Gule Wamkulu. Kwa mgeni anayetafuta kuni, kijisitu hicho ni miti tu. Akiingia na panga, huenda ukazuka ugomvi kati ya mgeni na mwenyeji ambao virungu havitaumaliza. Mrundi aliyeacha kwao Gishora, mahali pa ngoma za wafalme karibu na Gitega, ataelewa upesi akielezwa kwa lugha anayoijua.

Mkataba wa Hague wa mwaka 1954 unazitaka nchi zilizouridhia kuwafundisha askari wao, tangu wakati wa amani, kuheshimu mali za utamaduni, na kutozitumia kwa namna itakayozihatarisha vitani. Sheria ya vita ina meno. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa kuhusika na uvunjaji wa makaburi matakatifu ya Timbuktu, nchini Mali, mwaka 2012.

Kwa hiyo kamanda anayepiga kambi ugenini hana budi kuwauliza kwanza wazee wa kijiji: makaburi yako wapi, chemchemi iko wapi, na mti usiokatwa ni upi? Majibu hayo yaandikwe kwenye ramani pamoja na barabara na madaraja, na kila askari ayajue kabla ya kushika shoka.