Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo ni hifadhi ya taifa nchini Tanzania, iliyoko pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria (Nyanza), katika mkoa wa Geita. Inajumuisha kisiwa cha Rubondo chenyewe, visiwa vidogo kadhaa vinavyokizunguka na sehemu ya maji ya ziwa. Eneo lote lina ukubwa wa kilomita za mraba 456 hivi, na zaidi kidogo ya nusu yake ni nchi kavu. Msimamizi wake ni Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA).

Hifadhi hii inajulikana hasa kwa sokwe mtu wake, ambao wazee wao waliletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Kwa sababu hiyo Rubondo ni mahali ambapo macho peke yake hayatoshi: mgeni anayetembea bila maelezo huona msitu wa asili, kumbe sehemu kubwa ya wanyama anaowatazama walipelekwa huko na binadamu. Ziara nyingi hufanywa kwa miguu au kwa boti pamoja na mwongozaji.

Jiografia na mazingira

Sehemu kubwa ya kisiwa imefunikwa na msitu mnene wa kijani. Sehemu zilizobaki ni nyasi, vichaka, fukwe za mchanga, miamba na vinamasi vyenye mafunjo. Mvua hunyesha zaidi kuanzia Oktoba hadi Desemba na tena kuanzia Machi hadi Mei. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu, na ndiyo inayofaa zaidi kwa matembezi.

Wanyama wa asili wa kisiwa ni pamoja na nzohe, pongo, viboko, tumbili, kanu, fisi maji, mamba na chatu. Nzohe ni swala anayeishi vinamasini. Kwato zake ndefu zinazotanuka humwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama. Ndege ni wengi, wa msituni na wa majini, wakiwemo furukombe ambao sauti yao husikika ufukoni karibu kila asubuhi. Simba na chui hawapo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kisiwa kuchaguliwa kuwa makimbilio ya wanyama walioletwa.

Historia

Rubondo ilitengwa kuwa hifadhi ya msitu tangu wakati wa utawala wa Wajerumani. Hata hivyo watu waliendelea kuishi kisiwani, hasa Wazinza, waliokuwa wakivua na kulima. Mwaka 1965 kisiwa kilifanywa pori la akiba, na katika kipindi hicho wakazi wake, wapatao 400, walihamishiwa visiwa vya jirani na bara. Mwaka 1977 kikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa.

Kuhamishwa kwa Wazinza ni sehemu ya historia ya Rubondo ambayo haionekani kwa urahisi. Msitu umefunika mahali palipokuwa na makazi na mashamba. Kwa vijiji vilivyo ng'ambo ya maji, kisiwa si mahali pa wanyama tu bali pia ni nchi ya mababu, na maelezo yanayoanza na wanyama pekee huacha nusu ya habari.

Sokwe mtu

Kati ya mwaka 1966 na 1969 Shirika la Zoolojia la Frankfurt, likiongozwa na Bernhard Grzimek wa Ujerumani, lilipeleka Rubondo sokwe mtu 17 kwa makundi. Wengi wao walikuwa wamezaliwa porini katika Afrika ya Magharibi, wakakamatwa wakiwa wadogo na kuuzwa Ulaya, ambako walikaa katika vizimba kwa miezi au miaka. Hivyo hawana undugu wa karibu na sokwe mtu wa Gombe na Mahale, ambao ni wenyeji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Sokwe hao waliachiliwa bila kufundishwa kwanza namna ya kuishi porini. Walipaswa kutambua wenyewe matunda yanayolika na kujenga viota vya kulalia juu ya miti. Wengi waliweza, wakazaliana, na leo wazao wao ni wengi kuliko wale 17 wa mwanzo. Lakini si wote waliosahau vizimba. Baadhi ya madume, kwa kuwa hawakuwaogopa binadamu, walishambulia watu, na wawili kati yao walipigwa risasi.

Kizazi kilichozaliwa kisiwani kilikua kikiwakwepa watu. Ndiyo maana kazi ya kuwazoesha kuonwa na wageni imechukua miaka mingi: wafuatiliaji huenda msituni siku baada ya siku, wakitafuta viota vya usiku uliopita, mabaki ya matunda na sauti, hadi wanyama waache kukimbia. Mgeni huweza kutembea kwa saa kadhaa na kuambulia viota na nyayo tu.

Wanyama wengine walioletwa

Pamoja na sokwe waliletwa pia tembo, twiga, mbega weusi kwa weupe, suni, korongo na faru weusi. Matokeo hayakuwa sawa. Twiga, tembo na mbega walistawi. Korongo walitoweka, na faru waliuawa na majangili. Baadaye, mwaka 2000, waliachiliwa huko kasuku wa kijivu waliokamatwa katika biashara haramu ya ndege.

Wanyama walioletwa wana faida na gharama zake. Kisiwa kiliwapa usalama, lakini tembo na twiga wanaoongezeka mahali pasipo na njia ya kuhama hubandua magome ya miti na kubadili msitu ambao wenyeji wa asili, kama pongo, wanautegemea.

Ziara za kuongozwa

Wageni hufika kwa boti kutoka Kasenda, karibu na Muganza katika wilaya ya Chato, au kutoka Nkome katika wilaya ya Geita. Wengine hutumia ndege ndogo kutoka Mwanza. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nje. Shughuli za kawaida ni kufuatilia sokwe, matembezi ya msituni, kutazama ndege, safari za boti kandokando ya vinamasi na uvuvi wa burudani.

Kazi ya mwongozaji si kutaja majina ya wanyama tu. Mwandishi Mmarekani Freeman Tilden, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu ufafanuzi wa urithi, alitofautisha kutoa taarifa na kufafanua: taarifa ni malighafi, na ufafanuzi ni kumwonyesha msikilizaji maana yake na jinsi jambo linavyogusa maisha yake. Kwa mwanafunzi wa Geita au Shinyanga, kiota cha sokwe kinaweza kuwa mwanzo wa mazungumzo kuhusu biashara ya wanyama, na gome lililobanduliwa kuwa somo la uwiano kati ya idadi ya wanyama na chakula chao.

Masharti ya kuwatazama sokwe nayo yana sababu zake. Sokwe huambukizwa magonjwa ya binadamu kwa urahisi, hasa ya njia ya hewa. Mwaka 2006 ugonjwa wa aina ya mafua uliua sokwe kadhaa huko Mahale. Kwa hiyo mgeni mwenye mafua au kikohozi hapaswi kwenda, watu huenda katika makundi madogo, hukaa mbali na wanyama, na hawali mbele yao wala kuacha mabaki ya chakula.

Hifadhi na wavuvi

Maji yanayozunguka Rubondo ni mazalia ya samaki, wakiwemo sato na sangara. Sangara naye ni mgeni: alipandikizwa katika Ziwa Viktoria katikati ya karne ya 20, na aina nyingi za samaki wadogo wa asili zikatoweka au kupungua sana. Uvuvi wa biashara umepigwa marufuku ndani ya mipaka ya hifadhi. Samaki wanaokua humo hutoka na kuvuliwa nje, kwa hiyo mvuvi hufaidika na mpaka huo. Lakini mvuvi huyohuyo anaona maji yenye samaki wengi asiyoruhusiwa kutupa nyavu, wakati samaki wa nje wanapungua. Mvutano huo ni wa kweli, na doria peke yake haiwezi kuumaliza.

Bara kuna shinikizo lingine. Geita ni mkoa wa dhahabu, na miti hukatwa kwa ajili ya mkaa, mashamba na matimba ya kushikilia kuta za mashimo ya wachimbaji wadogo. Kadiri misitu ya bara inavyopungua, thamani ya msitu wa kisiwani inazidi.

Maeneo mengine ya kutembelea

Ng'ambo ya ziwa iko Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019. Huko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kuna Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padre David Clement. Huonyesha ngoma na vifaa vya watemi na kueleza mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Katika mkoa wa Shinyanga, ngitili zilizofufuliwa chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, zinaonyesha jambo ambalo Rubondo haiwezi kuonyesha: malisho na miti iliyorudi huku watu wakiendelea kuishi papo hapo.