Gari la Dizeli na Gari Mseto: Tatizo la Istilahi

Magari yanayoendeshwa kwa injini pamoja na mota ya umeme yamezidi kuonekana katika barabara zetu, na mengi huletwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Pamoja nayo huja hati, fomu na vitabu vya maelezo ambavyo hapana budi vifasiriwe. Katika makala haya tutalilinganisha gari la aina hiyo na gari la dizeli, na kuonyesha ni wapi istilahi isiyochaguliwa kwa uangalifu humpotosha msomaji.

Tuanze na dizeli. Neno hili limetokana na jina la Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, ambaye injini yake ilifaulu katika majaribio ya mjini Augsburg mwaka 1897. Katika injini ya kawaida ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mafuta huwashwa kwa cheche ya plagi. Katika injini ya dizeli hewa hushindiliwa mpaka ikapata joto kali, kisha mafuta hupulizwa ndani ya silinda yakawaka yenyewe. Ushindiliaji huo mkubwa ni sababu mojawapo ya injini hii kupata kazi nyingi kutokana na mafuta machache. Basi dizeli, mbali na kuwa jina la mafuta, ni jina la namna ya kuyachoma.

Gari la pili limepewa majina kadhaa. Wako waliitao "gari la umeme". Jina hili halifai, kwa kuwa magari mengi ya aina hii hayachomekwi katika umeme wa nyumbani: nguvu zake zote asili yake ni petroli. Wengine husema "gari chotara". Lakini chotara ni kiumbe kimoja kilichozaliwa na asili mbili zisizoweza kutenganishwa tena. Ndiyo maana neno hilo lafaa kwa mbegu. Katika mseto, mchele na choroko hupikwa chungu kimoja, na bado kila kimoja hutambulikana. Ndivyo zilivyo injini na mota katika gari hili. Kwa kuwa tumekwisha kuzoea "serikali ya mseto" na "kilimo mseto", twaona "gari mseto" ndilo jina lifaalo.

Toyota Prius, gari mseto la kwanza kutengenezwa kwa wingi, lilianza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997. Mota husaidia kuliondoa gari, na injini huweza kuzimika gari linaposimama. Dereva akanyagapo breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha betrini sehemu ya nguvu ambazo zingepotea kuwa joto. Kwa hiyo faida yake ni kubwa mjini, penye kusimama na kuondoka mara kwa mara. Katika safari ndefu ya mwendo usiobadilika faida hiyo hupungua, na dizeli hushindana nalo vizuri.

Tukija kwenye uchafuzi wa hewa, neno "moshi" peke yake halitoshi. Mambo matatu yatenganishwe:

(a) Hewa ukaa, yaani kabonidioksidi. Haionekani wala hainuki, nayo huongeza joto la dunia. Kiasi chake hufuata kiasi cha mafuta yaliyochomwa: lita moja ya petroli hutoa kilo 2.3 hivi, na ya dizeli kilo 2.7 hivi. Kwa hiyo haifai kulinganisha lita kwa lita.

(b) Oksidi za naitrojeni. Hizi hutokana na hewa yenyewe inapopata joto kali ndani ya silinda, nazo hudhuru mapafu. Katika gari la petroli, kichocheo kilichomo katika bomba la moshi huziondoa kwa sehemu kubwa. Katika dizeli oksijeni inayobaki hukizuia kichocheo cha namna hiyo, hivyo magari mengi ya karibuni hupuliziwa maji ya urea bombani.

(c) Masizi. Ni chembe za kaboni, ndugu wa zile zinazoganda chini ya chungu. Dizeli isiyo na chujio hutoa nyingi. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani.

Madhara ya kuchanganya mambo haya yalidhihirika mwaka 2015. Volkswagen ilikiri kwamba magari yake yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu ya kukwepa vipimo. Huko Marekani baadhi yalitoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari hayo yalikuwa yametangazwa huko kuwa ni "dizeli safi". Neno "safi" halikusema safi kwa kipi.

Hatimaye, yafaa maofisa wazingatie kwamba dizeli na mseto si majibu ya swali moja. La kwanza lahusu uchomaji wa mafuta, la pili lahusu uunganishaji wa nguvu. Gari mseto la dizeli laweza kuwapo, na yamekwisha kutengenezwa. Fomu inayouliza "Aina ya mafuta: petroli, dizeli au mseto" humlazimisha mjazaji kuficha nusu ya ukweli. Twapendekeza maswali mawili: mafuta yatumikayo, na mfumo wa uendeshaji, yaani injini peke yake, mseto, au umeme mtupu. Na kila panapoandikwa "hewa chafu", mfasiri ataje ni ipi.