Maegesho ya Kimashine: Jinsi Gari Linavyopanda Ghorofani bila Dereva

Utangulizi

Kitenzi 'egesha' kilikuwa cha mabaharia kabla ya kuwa cha madereva. Nahodha aliegesha chombo chake kwa kukisogeza polepole hadi kikalala ubavuni mwa gati au ubavuni mwa chombo kingine. Magari yalipoenea mijini, Kiswahili hakikulazimika kwenda mbali kutafuta neno. Kililitoa lile la bandarini kikalileta barabarani. Leo maana hiyo imepanuka tena, kwani kuna majengo ambamo dereva haegeshi chochote. Hulifikisha gari mlangoni, akazima injini, akashuka na kwenda zake, nayo mashine ikalibeba hadi ghorofa ya kumi au ya ishirini. Makala haya yananuia kueleza jinsi mashine hizo zinavyofanya kazi, zilivyoanza, na kasoro ambazo jiji lolote linalozitamani halina budi kuzizingatia.

Chanzo cha Tatizo

Gari dogo likiwa limesimama huhitaji nafasi ya takriban mita 2.5 kwa mita 5, yaani mita mraba 12.5. Hata hivyo, katika jengo la kawaida la maegesho hesabu haiishii hapo. Pana vijia vya kupitia, pana njia za mshazari za kupandia ghorofa moja hadi nyingine, pana ngazi na lifti za watu, na pana nafasi ya kufungulia milango. Ukijumlisha hayo yote, gari moja hutumia kati ya mita mraba 25 na 30. Ni bayana basi kwamba nusu ya jengo, au zaidi, hujengwa kwa ajili ya mwendo wala si kwa ajili ya magari yenyewe.

Mashine huondoa sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Maadamu hakuna mtu anayeingia ndani, magari yanaweza kupangwa yakikaribiana kama vitabu rafuni. Dari pia huweza kushushwa hadi kimo kinacholizidi gari kidogo tu. Aidha, kwa kuwa injini zimezimwa, moshi haujai ndani, na haja ya mitambo ya kupitisha hewa na taa za kuwaka usiku kucha hupungua.

Historia kwa Ufupi

Wazo hili lina umri unaokaribia ule wa gari lenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, jijini Paris, msanifu majengo Auguste Perret alijenga gereji ya saruji katika mtaa wa Ponthieu. Humo lifti ilipandisha magari hadi ghorofa za juu, ambako wafanyakazi waliyapokea na kuyapanga. Mnamo 1932, kampuni ya Westinghouse ilisimamisha jijini Chicago mtambo wa kuzungusha magari wima, na mwaka uliofuata kampuni ya magari ya Nash ikaonyesha mnara wa kioo wa aina hiyo katika maonyesho ya dunia yaliyofanyika jijini humo. Mnamo 1951, gereji isiyohitaji dereva kuingia ndani ilifunguliwa Washington.

Katika miaka ya 1950 mitambo kadhaa ilijengwa Marekani, lakini hamu ikapoa. Mitambo iliharibika mara kwa mara na wateja wakachoka kungoja. Uingereza nayo ilipata funzo lake: mtambo uliofunguliwa Woolwich, London, mnamo 1961, ulishindwa kufanya kazi ipasavyo. Ni katika nchi ya Japani ambako teknolojia hii ilipata makao ya kudumu. Ardhi ya mijini huko ni ghali, na sheria ya mwaka 1962 ilimtaka mwenye gari awe na mahali pa kuliweka nje ya barabara. Sheria hiyo iliifanya nafasi ya maegesho kuwa sharti la kumiliki gari.

Aina za Mitambo

Mitambo hii ni ya namna nyingi, lakini inaweza kugawika katika makundi manne makuu.

Kwanza, kuna mtambo wa bembea. Masinia ya chuma huning'inizwa kwenye minyororo miwili mirefu inayozunguka wima, mfano wa bembea kubwa za viwanja vya burudani. Kila sinia hubeba gari moja. Dereva akitaka gari lake, mnyororo huzunguka kwa kufuata upande ulio karibu hadi sinia lake lifike chini. Mtambo huu huweza kukalia ardhi ya magari mawili ukabeba 8, 12 au hata zaidi. Ijapokuwa magari yote husogea kwa ajili ya moja tu, mota haibebi uzito wote. Magari ya upande mmoja husawazishwa na ya upande wa pili kama vitu katika mizani, na mota hushindana na tofauti iliyobaki pamoja na msuguano.

Pili, kuna mtambo wa fumbo. Huu hufanana na mchezo wa watoto wa kutelezesha vibao ndani ya fremu yenye tundu moja tupu. Chukua mathalani mtambo wa ghorofa mbili na safu tatu. Nafasi zote ni 6, lakini magari ni 5, kwa sababu nafasi moja ya chini huachwa wazi. Gari la juu likihitajika, masinia ya chini hutelezeshwa kando hadi tundu lije chini yake, kisha sinia la juu hushuka. Ukiongeza ghorofa ya tatu, nafasi huwa 9 na magari 7, kwa kuwa kila ghorofa iliyo chini ya ile ya juu kabisa lazima iwe na tundu lake. Nafasi hiyo tupu ndiyo inayoyawezesha magari mengine yote kutoka.

Tatu, kuna mnara. Katikati hupita lifti, na kila ghorofa huwa na vyumba vya magari pembeni mwake. Minara miwili ya kioo iliyoko Autostadt, Wolfsburg, nchini Ujerumani, ni mfano mashuhuri. Kila mmoja una ghorofa 20 na huhifadhi magari mapya 400 yanayowangoja wanunuzi.

Nne, kuna ghala la vigari. Lifti kadhaa hupandisha magari, nao vigari vinavyokwenda kwa reli huyapokea katika kila ghorofa na kuyapeleka mahali pake. Kwa kuwa lifti na vigari hufanya kazi kwa wakati mmoja, mtambo huu huhudumia watu wengi zaidi. Maegesho yaliyo chini ya jengo la maktaba la Dokk1, mjini Aarhus, Denmark, lililofunguliwa mnamo 2015, yana nafasi zipatazo 1,000. Nchini Kuwait, maegesho ya mahakama ya Al Jahra yamejengwa kubeba zaidi ya magari 2,300.

Safari ya Gari

Safari huanzia katika chumba cha kuingilia. Vitambuzi hupima urefu, upana na kimo cha gari, na wakati mwingine uzito wake. Ubao wa taa humwelekeza dereva asogee mbele au arudi nyuma. Akishashuka, vitambuzi vingine huhakikisha kwamba hakuna mtu wala mnyama aliyesalia chumbani. Hapo ndipo mlango hufungwa. Katika mitambo mingine gari huinuliwa pamoja na sinia lake. Katika mingine kigari chembamba hupenya chini yake na kuyabana magurudumu. Mara nyingi jukwaa la mviringo huligeuza gari ili mwenyewe atakapolichukua alikute likitazama nje. Kompyuta huandika mahali lilipowekwa, na tikiti au kadi ya mteja ndiyo hulifungulia njia ya kurudi.

Kila Chombo kwa Wimbile

Kasoro ya kwanza ni foleni. Tuseme mnara una lifti moja, na kila gari huchukua dakika 2 kutolewa. Kwa saa moja yatatoka magari 30. Ikiwa wafanyakazi 100 wa ofisi watayataka magari yao saa kumi na moja jioni kwa pamoja, wa mwisho atangoja zaidi ya saa tatu. Kwa hivyo, swali la kuuliza kabla ya kujenga ni magari mangapi yatatoka kwa saa moja. Idadi yanayoingia haitoshi.

Kasoro ya pili ni umeme. Mtambo usio na nguvu ni ghala lililofungwa. Mnamo Agosti 2023 umeme ulipotea kote nchini Kenya kwa saa nyingi, na mwananchi hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu thamani ya jenereta inayojaribiwa kila mara. Isitoshe, magari ya umeme ni mazito, na moto wa betri zake ni mgumu kuzima. Mitambo iliyojengwa kwa magari ya zamani sharti ikaguliwe upya.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo haimo katika chuma. Mjini Hoboken, katika jimbo la New Jersey, Marekani, gereji ya roboti yenye nafasi zaidi ya 300 ilifunguliwa mnamo 2002. Mwaka 2006 baraza la mji na kampuni iliyoiendesha walizozana kuhusu leseni ya programu ya kompyuta. Lifti zilikuwa zima na umeme ulikuwapo, lakini mamia ya magari yalinaswa ndani kwa siku kadhaa. Mji ulimiliki jengo. Ufunguo ulikuwa katika maneno ya programu yaliyomilikiwa na mwingine.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba maegesho ya kimashine huweza kuokoa ardhi na kupunguza moshi, hasa pale ambapo kiwanja ni kidogo na bei yake ni kubwa. Hata hivyo, hayafai kila mahali. Uwanja wa michezo ambao umati hutoka kwa mara moja hauyahitaji. Jengo la makazi ambalo wakazi wake hutoka kwa nyakati tofauti huenda likayafaidi. Jiji linalofikiria kuyanunua lingefanya vyema kudai mambo matatu katika mkataba: idadi ya magari yatakayotoka kwa saa, njia ya kuyatoa umeme unapopotea, na haki ya kuitumia programu hata ugomvi ukizuka. Nahodha wa kale hakukiegesha chombo mahali kabla ya kujua atakavyong'oa nanga. Busara hiyo ya bandarini ingali inafaa ghorofani.