Chatu wa Rangi: Bei Hushuka Kabla Mtaji Haujarudi

Mwaka 1992 mfugaji wa Marekani, Bob Clark, aliangua chatu albino waliothibitisha kwamba rangi ile hurithiwa. Mwaka 1997 Peter Kahl akathibitisha hivyo hivyo kwa chatu wenye mabaka meupe. Siku hizo nyoka mmoja wa aina hiyo aliuzwa kwa maelfu ya dola, na walionunua mapema walirudisha fedha zao kwa kuwauzia wenzao vitoto. Leo albino wa kawaida hupatikana Marekani kwa dola 100 au 200 hivi. Nyoka ni yule yule, ila jeni iliyokuwa mikononi mwa watu wawili watatu sasa iko katika maelfu ya nyumba.

Mtu wa Soin, Kericho, anayetazama kwenye simu video za biashara hii, droo kwa droo zimejaa nyoka wa manjano na weupe, aanze kupima hapo kabla ya kuuliza bei ya taa na masanduku.

Chatu mwenyewe si yule mkubwa anayesemwa kumeza mbuzi kando ya mito yetu. Huyu ni chatu-mpira, Python regius, mdogo na mpole, ambaye akishtuka hujikunja na kuficha kichwa katikati ya mwili. Kwao ni kuanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Katika misitu na mbuga za Kenya hayupo. Kwa kawaida hazidi mita moja na nusu, hana sumu, na akitunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30. Mmoja wa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mwaka 2020 akiwa na zaidi ya miaka 60, tena bila kukutana na dume kwa miaka mingi.

Kuzalisha kwake kunataka subira ambayo video hazionyeshi. Jike huwa tayari akifikisha kilo moja na nusu hivi, na hiyo ni karibu miaka mitatu ya kulisha. Dume huwahi zaidi. Jike hutaga mayai sita kwa wastani, yakiwa yameshikamana kama fungu moja, kisha huyazungushia mwili wake na kuyalinda. Wafugaji wengi humwondolea mayai hayo wakayaweka katika sanduku lenye vamikulaiti yenye unyevu, joto la nyuzi 31 au 32. Aliyezoea inkubeta ya kuku ajihadhari, kwa sababu mayai ya chatu hayageuzwi hata mara moja. Yakigeuzwa, kijusi kinaweza kufa. Baada ya siku 55 hadi 60 kitoto hupasua ganda kwa jino dogo la puani, kikatoa kichwa, kisha kikabaki humo siku nzima au zaidi kikimalizia kiini. Mfugaji huchungulia kwenye mipasuko ile akitafuta rangi aliyoingoja miaka mitatu.

Soin, upande wa chini wa Kaunti ya Kericho ambako chai huachia mahindi na miwa, kuna joto kuliko mji wa Kericho wenyewe. Hata hivyo usiku hushuka chini ya kiwango cha chatu, na kitu kinachopasha joto mfululizo kwa miezi miwili ni umeme. Atakayeanza bila betri ya akiba anacheza na mayai yake. Na chakula ni panya. Mfugaji wa chatu 20 ni mfugaji wa panya kwanza, kwa sababu hao ndio wanaokula, kunuka na kuzaana kila wiki.

Sasa tuje kwenye jeni, maana fedha ziko humo. Wafugaji huita kila rangi au mchoro uliorithiwa mofu. Baadhi ya mofu, kama albino na mabaka, ni za jeni fiche: nyoka lazima apate nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ndipo rangi ionekane. Mwenye nakala moja huonekana wa kawaida kabisa lakini ni mbebaji. Wafugaji wa maziwa wa Sotik na Bomet wanalijua jambo hili hata kama hawajalipa jina: dume na jike wa Friesian, wote weusi kwa weupe, wanazaa ndama mwekundu kwa mweupe. Wazazi wote wawili walikuwa wabebaji.

Wabebaji wawili wakipandishwa, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa rangi. Kwa mayai sita mtu hudhani atapata mmoja au wawili. Ukipiga hesabu vizuri, kuna karibu asilimia 18 ya kukosa kabisa. Anayetaka jeni fiche mbili katika nyoka mmoja hutegemea nafasi moja kati ya 16 kwa kila yai, na kwa mayai sita uwezekano wa kukosa ni karibu theluthi mbili. Kufika hapo tu amekwishalea wabebaji kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo bei ya rangi anayoitafuta imekuwa ikishuka.

Vitoto vinavyotoka kawaida navyo huuzwa kwa maneno. Viwili kati ya vitatu ni wabebaji, lakini kwa macho huwezi kujua ni vipi. Kwa miaka mingi mnunuzi alitegemea daftari na uaminifu wa muuzaji. Mwaka 2022 watafiti wa Eastern Michigan University, wakitumia magamba waliyovua nyoka wa wafugaji, walionyesha mabadiliko katika jeni zinazotengeneza rangi nyeusi ya ngozi. Mwaka uliofuata utafiti mwingine ukaihusisha rangi ya mabaka na jeni iitwayo tfec. Mbebaji sasa anaweza kupimwa maabara.

Kuna jeni ambazo bei yake hulipwa na mnyama. Mofu iitwayo Spider ina mchoro wa kupendeza, na karibu kila anayeibeba ana tatizo la kichwa kutikisika na kukosa mizani. Chama cha International Herpetological Society cha Uingereza kiliwazuia wasiuzwe katika maonyesho yake. Naona kilifanya sawa, na sioni sababu ya mtu anayeanza leo kuigusa jeni hiyo.

Upande wa Afrika wa biashara hii uko Togo, Benin na Ghana. Huko wawindaji hukusanya majike wenye mimba na mayai, vitoto huanguliwa mabandani na kusafirishwa kwa ndege. Tangu 1975 zaidi ya chatu-mpira milioni 3 wametoka Afrika Magharibi. Mwindaji hupata kidogo, na thamani huongezwa Marekani na Ulaya, kwenye droo za wenye jeni. Chatu huyu sasa anahesabiwa kuwa karibu na hatari ya kutoweka.

Kwa Kenya, lango ni KWS, shirika la wanyamapori. Chatu wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, kwa hiyo hakuna anayevuka mpaka kihalali bila hati za nchi anakotoka, na upande wetu KWS ndiyo inayosimamia. Chatu wa kienyeji analindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Kumfuga au kumuuza bila kibali ni kosa. Mahakama hazichukulii haya kama mzaha. Mei 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walitozwa faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa Nakuru na malkia wa sisimizi wapatao 5,000. Kama mdudu ana gharama hiyo, nyoka wa kupitisha Busia kwenye gunia si biashara.

Wanaofuga nyoka kwa halali nchini wana kazi nyingine. Nairobi Snake Park, iliyofunguliwa 1961, hupokea wageni na wanafunzi. Bio-Ken ya Watamu, iliyoanzishwa 1980 na James Ashe, inajulikana kwa kazi ya sumu na tiba ya kuumwa na nyoka. Kipato chao hakitegemei mofu.

Anayevutiwa na hesabu za jeni hahitaji kusubiri kibali kuzianza. Kuku wa shingo tupu wapo vijijini, na jeni yao hufuata kanuni ya baadhi ya mofu zisizo fiche, ambazo nakala moja tu huonekana: mwenye nakala moja hubaki na kishungi cha manyoya mbele ya shingo, mwenye mbili shingo huwa wazi kabisa. Manyoya machache humsaidia kuku kuvumilia joto, na Soin kuna joto. Pandisha wawili wenye kishungi, andika kila kifaranga kwenye daftari, na baada ya siku 21 utegemee robo wazi, nusu wenye kishungi, robo wa kawaida. Mtetea atataga akiwa na miezi sita hivi, na mnunuzi wake yuko soko la jirani.