Nadhiri kwa Mungu: Hiari kuiweka, wajibu kuitimiza

WAKRISTO wengi huweka nadhiri wakati wa dhiki. Mgonjwa huahidi kumtolea Mungu ng’ombe akipona. Asiye na mtoto huahidi kumtoa mtoto kwa utumishi iwapo atajaliwa. Shida ikishapita, ndipo huibuka swali: je, ahadi hiyo ina uzito gani, na asiyeweza kuitimiza afanye nini?

Biblia haimlazimishi mtu kuweka nadhiri. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, inaeleza kuwa asiyeweka nadhiri hana dhambi, lakini aliyeiweka asikawie kuitimiza. Sura hiyohiyo inakataza nadhiri kulipwa kwa fedha zitokanazo na ukahaba, maana yake ni kwamba Mungu hapokei malipo yasiyo safi hata kama deni ni lake.

Mifano miwili hutajwa mara nyingi. Hana, aliyekuwa tasa, aliahidi kumtoa mwanawe kwa Bwana, naye akampeleka Samweli Shilo baada ya kumwachisha ziwa. Yeftha, kwa upande wake, aliahidi kutoa sadaka chochote kitakachotoka kwanza nyumbani kwake kumlaki, na aliyetoka alikuwa binti yake wa pekee. Wa kwanza alijua anachoahidi. Wa pili hakujua.

Hata hivyo, Torati haikuwafungia wanyonge njia. Walawi, sura ya 27, iliweka viwango vya kumkomboa mtu aliyewekwa wakfu kwa nadhiri, yaani shekeli 50 za fedha kwa mwanamume wa miaka 20 hadi 60, na 30 kwa mwanamke. Maskini aliyeshindwa kiwango hicho alipelekwa kwa kuhani, ambaye alimkadiria kulingana na uwezo wake.

Kanisa Katoliki limeendeleza busara hiyo katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Kwa mujibu wa kanuni ya 1191, nadhiri ni ahadi iliyotolewa kwa Mungu kwa hiari na kwa kutafakari, juu ya jema lililo bora na linalowezekana. Iliyotolewa kwa hofu kubwa isiyo ya haki, kama vile vitisho, au kwa hila, ni batili.

Aidha, nadhiri humfunga yule tu aliyeiweka. Mzazi akiahidi kuwa mwanawe atakuwa padri, kijana huyo hafungwi. Kwa nadhiri ya binafsi, paroko anaweza kumwondolea muumini wajibu huo kwa sababu ya haki, mradi haki ya mtu mwingine isidhurike. Muumini mwenyewe anaweza kuibadili kwa jema lililo sawa au kubwa zaidi, lakini kuipunguza kunahitaji idhini ya mwenye mamlaka hayo.

Upande wa Waprotestanti, mjadala ulianzia kwa Martin Luther. Julai 1505, akiwa karibu na Stotternheim, Ujerumani, alishikwa na hofu ya radi, akaahidi kuwa mtawa, na siku chache baadaye akaingia utawani Erfurt. Mwaka 1521 aliandika kuwa nadhiri iliyowekwa kwa kudhani kwamba inamnunulia mtu wokovu haimfungi. Mwaka 1525 alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa.

Kinachochanganya waumini wengi ni ahadi za harambee. Ahadi ya kuchangia ujenzi wa kanisa hutolewa mbele ya usharika au parokia, nayo si lazima iwe nadhiri, isipokuwa mtoaji amekusudia kumwahidi Mungu mwenyewe. Bado ni neno la mtu, na Yesu katika Mathayo, sura ya 5, alitaka ndiyo ya mfuasi wake iwe ndiyo.

Basi aliyekwama asijifiche wala kuhama kanisa kwa aibu. Aende kwa paroko au mchungaji wake, aeleze alichoahidi na kilichomkwamisha. Tangu enzi za Walawi, maskini mwenye nadhiri hakufukuzwa mlangoni, alipimiwa anachoweza.